Plani ya afya isiyomjua mchimbaji ni plani ya nusu kijiji

Mwisho wa mwaka unakaribia na, kama kila mwaka, Zoni ya Afya ya Nyangezi inapashwa kuandika plani yake ya kazi kwa ajili ya mwaka ujao. Wengi kati yetu hatujawahi kuiona ile karatasi. Tunachojua ni bei ya fishi, bei ya dawa na sura ya nesi. Lakini ni ndani ya ile plani ndimo inaamuliwa kituo gani kitapata kitanda, dawa gani zitaagizwa, ni nani atafuatwa nyumbani na ni nani atasahauliwa.

Sisi watu wa sendika ya wachimbaji tunasema wazi: kama mchimbaji na jamaa yake hawaandikwi ndani ya plani hiyo, na kama afya na mambo ya jamii vinaendelea kuwa kila kimoja na ofisi yake na karatasi yake, basi mwaka ujao utakuwa sawa vile mwaka huu. Tutaendelea kuzika watu ambao dawa yao ilikuwa kwenye kabati, tena bila kulipishwa.

Tuanze na namna plani inavyotengenezwa, juu wengi wanafikiri inashuka kutoka Kinshasa. Hapana. Nyangezi, kusini mwa Bukavu kwenye barabara ya Kamanyola na Uvira, ni moja ya zoni 34 za afya za Kivu Kusini. Zoni inagawanyika katika maeneo ya afya, na kila eneo linapashwa kuwa na CODESA, ni kusema kamati ya watu wa vijiji wenyewe, pamoja na wareko wanaopita nyumba kwa nyumba. Hao wanasema shida za watu, nesi mkuu anaandika, ofisi kuu ya zoni inakusanya, halafu inapandisha kwa Divisheni ya Afya ya jimbo, Bukavu. Utaratibu uko hivyo. Unaanzia chini, kwetu.

Sasa tuulizane: ni nani anakaa kwenye kiti cha CODESA? Mara nyingi ni mwalimu, katekista, mukubwa wa kijiji, mama wa shirika. Ni watu wa heshima na wanafanya kazi nzuri. Lakini mchimbaji, siku ile ya mkutano, yuko shimoni Mukungwe au Nzibira, au amepanda mpaka Kamituga. Anaporudi, karatasi imeshatiwa sahihi. Nyumbani hahesabiwi juu hayupo. Kule machimboni hahesabiwi juu si mwenyeji wa kule. Tuko na zoni mbili, na hakuna hata moja inayomjua. Na dawa zinaagizwa kwa hesabu ya watu. Ukikosa kwenye hesabu, utakosa kwenye kabati.

Tuchukue ugonjwa mmoja tu, kifua kikuu. Kila mwenye kupasua mwamba anajua lile vumbi jeupe linaloshika kwenye nyusi. Vumbi la mawe yenye silika linaingia ndani ya mapafu na halitoki. Linaacha makovu, na mapafu yenye makovu yanashikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Makovu yenyewe, ugonjwa unaoitwa silikozi, hayana dawa ya kuyaponya. Kifua kikuu kinapona. Dawa za kile cha kawaida zinachukua miezi 6: miezi 2 ya dawa nne pamoja, halafu miezi 4 ya dawa mbili. Hazilipishwi, programu ya taifa ndiyo inayozitoa.

Sasa fuateni safari ya mgonjwa wetu. Anaanza dawa kwenye kituo cha karibu na nyumbani. Wiki chache zinapita, kikohozi kinapungua, nguvu zinarudi. Lakini nyumbani unga umekwisha, mwenye nyumba anadai, mtoto mkubwa amefukuzwa sekondari. Mwezi wa tatu anabeba nyundo na burende yake, anapanda kwenye gari la mizigo. Kule anakofika, kituo hakina fishi yake, na yeye mwenyewe anaona haya kusema. Anaacha dawa. Ugonjwa unarudi, na safari hii unaweza kurudi ukiwa mgumu, hausikii tena zile dawa za kwanza. Wakati huo ameshawakoholea wenzake ndani ya shimo, na wakati wa Noeli atawakoholea watoto anaolala nao chumba kimoja.

Ni nani alikosa hapo? Programu ilileta dawa. Nesi alizitoa. Vilivyokosekana ni vitu viwili: chakula cha kumkalisha mgonjwa nyumbani miezi 6, na karatasi ya kumfuata kutoka zoni moja mpaka nyingine. Cha kwanza ni kazi ya Mambo ya Jamii. Cha pili ni kazi ya plani. Hakuna kati ya hivyo viwili kinachohitaji mashine kutoka Ulaya. Vinahitaji ofisi mbili zikae meza moja.

Kama kuna mtu anafikiri tunatia chumvi, aangalie mpox. Ile sura mpya ya ugonjwa ilionekana kwanza Kamituga, mji wa dhahabu, kwa wagonjwa walioanza kupokelewa mwezi wa 9 mwaka 2023. Ilipita kwa kukaribiana, mwili kwa mwili, kati ya wachimbaji na wanawake wanaouza miili yao juu ya njaa. Kutoka pale ikafuata barabara tunazofuata sisi, na mpaka tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka 2024 OMS ikatangaza kwamba ni hatari kwa dunia nzima. Chanjo zilianza kutolewa Goma tarehe 5 mwezi wa 10. Karibu mwaka mzima ulipita kati ya Kamituga na Geneva. Kama zoni zetu zingekuwa na desturi ya kuandikiana juu ya watu wanaotembea kati ya machimbo na vijiji, tunaamini habari ingetembea haraka kuliko ugonjwa.

Tuseme pia juu ya deni. Katika hospitali nyingi za jimbo letu, mgonjwa aliyepona na asiyeweza kulipa anakalishwa pale pale. Mama amezaa, amefungwa kidonda, amepewa ruhusa na munganga, lakini hatoki juu ya fakture. Deni linazidi kila siku anayolala. Tunaelewa kwamba hospitali nayo inaishi kwa makuta ya wagonjwa: ni hayo yanayonunua dawa na kuongezea mishahara, kwa kuwa ya serikali haitoshi na haifiki kwa wote. Kwa hiyo hatupigi kelele juu ya nesi. Tunauliza Mambo ya Jamii wako wapi.

Kuna karatasi inayoitwa attestation d'indigence, ya kuonyesha kwamba mtu hana uwezo. Kwa maandishi, mwenye karatasi hiyo anapashwa kutunzwa. Kwa matendo, mgonjwa anatembea na karatasi, hospitali inauliza ni nani atairudishia makuta, na hakuna anayejibu. Ofisi moja inatoa karatasi bila bajeti, nyingine inapokea karatasi bila malipo. Hiyo ndiyo maana ya kupanga afya peke yake na mambo ya jamii peke yake.

Na mama zetu je? Wale wanaotwanga mawe, wale Kamituga wanawaita mamans twangaises, wanakula vumbi kutoka asubuhi mpaka jioni, wengine mtoto yuko mgongoni. Dhahabu inachomwa na zebaki kwenye makaa yale yale yanayopikia chakula. Moshi wa zebaki unaharibu fahamu, na kwa mtoto aliye tumboni unaharibu ubongo kabla hajazaliwa. Kule kliniki ya wajawazito, ni nani anamuuliza mama kama anatwanga mawe au kama nyumbani wanachoma dhahabu? Swali moja tu lingeandikwa kwenye fishi, na zoni ingejua mama gani wa kufuatwa.

Wazee wetu wanakumbuka wakati mwingine. Enzi za MGL, halafu SOMINKI kuanzia 1976, kampuni ilikuwa na hospitali yake, posho yake, nyumba zake. Hatuimbi sifa za wakati ule, kwa kuwa mfanyakazi alitunzwa sawa vile mashine inatiwa mafuta, na aliyefukuzwa alipoteza kazi, nyumba na munganga siku moja. Lakini afya na maisha ya nyumbani vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja. SOMINKI ilipokufa mwaka 1997, vyote viwili vilianguka pamoja, na hakuna aliyeviokota. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamlazimisha mwajiri kumtunza mfanyakazi na jamaa yake. CNSS, iliyochukua nafasi ya INSS, inashughulikia ajali na magonjwa ya kazi. Vizuri. Lakini mchimbaji wa mkono hana mwajiri. Ni nani atamtangaza CNSS, shimo?

Mwezi wa 9 mwaka 2020, mvua ilifurika mashimo ya Kamituga na watu wapatao 50 wakahofiwa kufa. Mwezi wa 7 mwaka 2024, gavana wa jimbo aliamuru uchimbaji usio halali usimamishwe. Hatubishani hapa juu ya uamuzi huo. Tunasema tu kwamba siku shimo linapoanguka au linapofungwa, nyumba nyingi zinakosa chakula siku ile ile, na hakuna plani iliyojiuliza wajane watakula nini, wala dawa za walio wagonjwa zitaendelea namna gani.

Mtu asituambie kwamba kuunganisha haya mambo ni ndoto. Mfano uko hapa Bukavu. Hospitali ya Panzi ilianzishwa mwaka 1999, na munganga Denis Mukwege aliyeianzisha alipewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018. Dunia inamsifu kwa upasuaji wake, na anastahili. Lakini wagonjwa wa Panzi wanajua kitu kingine: kwamba kufunga kidonda peke yake hakutoshi. Mwanamke aliyebakwa anapokelewa na munganga, anapata mtu wa kumtuliza roho, anapata msaada wa sheria, na anasaidiwa kusimama tena na kutafuta maisha. Ni miguu minne chini ya paa moja, bila kumwambia "nenda ofisi ile, rudi kesho". Kama imewezekana kwa majeraha ya vita, juu ya nini isiwezekane, kwa kiasi kidogo, kwa majeraha ya shimo?

Watajibu kwamba Panzi ina wafadhili na Nyangezi haina makuta. Tuongee basi juu ya makuta.

Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa redevance ya kampuni zenye vibali: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa sheferi au mji ambamo mgodi uko, 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kampuni inapashwa pia kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Hapa kwetu kazi kubwa ni ya mkono, lakini nayo inalipa: kila gunia linalopita kwenye bariere linaacha kitu, kwa sheferi, kwa jimbo, kwa huduma mbalimbali. Hatuombi kodi mpya. Tunaomba kwamba sehemu ya ile iliyopo iandikwe ndani ya plani ya zoni, kwa mstari wake, ili mtu yeyote wa CODESA aweze kuuliza mwisho wa mwaka: iliingia ngapi, ikafanya nini?

Halafu kuna mituele za afya. Kivu Kusini si mgeni kwa mituele. Kanisa Katoliki la Bukavu lilianza kuzitegemeza tangu miaka ya 1990, na sheria ya tarehe 8 mwezi wa 2 mwaka 2017 inazitambua. Juu ya nini wachimbaji ni wachache ndani? Juu mituele inataka mchango kwa msimu mmoja, kwa jamaa nzima mara moja, na makuta ya mchimbaji hayaji kwa msimu. Yanakuja siku mshipa unapopatikana, na wiki ya pili yamekwisha. Dawa yake iko mkononi mwa koperativi. Sheria inataka kila mchimbaji awe ndani ya koperativi. Basi koperativi ikate kidogo kidogo kila mara mzigo unapouzwa, ipeleke kwenye mituele, na mchimbaji apewe risiti. Mwisho wa miezi kadhaa, mama na watoto wako na kadi, hata kama baba yuko mbali.

Kadi na risiti si vitu vidogo. Mwaka 2019, mahakama ya Johannesburg ilikubali mapatano kati ya kampuni sita na wachimbaji wa dhahabu walioharibika mapafu: randi bilioni 5 hivi za kulipa wagonjwa na wajane, pamoja na wale waliorudi kwao Lesotho na Msumbiji. Ili kulipwa, ilibidi kuonyesha kwamba mtu alifanya kazi mgodi fulani, miaka fulani, na kwamba mapafu yake ni magonjwa. Sisi leo, tungeonyesha nini? Kijana wa Nyangezi aliyechimba miaka 15 katika mashimo manne hana hata karatasi moja. Akifa, nesi anaandika "kikohozi". Mjane wake hatapata haki popote, juu hakuna mahali palipoandikwa kwamba mume wake alikuwa mchimbaji.

Kwa hiyo tunaomba mambo matano yaingie ndani ya plani ya mwaka ujao.

La kwanza, kiti. Kila eneo la afya lenye wachimbaji liwe na mchimbaji mmoja na mama mtwangaji mmoja ndani ya CODESA, na mikutano ya plani ifanyike siku ambayo watu wa machimbo wako nyumbani.

La pili, fishi inayotembea. Kila mgonjwa wa kifua kikuu, wa VIH au wa sukari anayehama apewe karatasi ya kuonyesha amefika wapi na dawa zake, na zoni ya Nyangezi iandikiane na zoni za machimbo. Kwenye fishi iongezwe mistari miwili: unachimba? ulichimba wapi?

La tatu, meza moja. Mtu wa Mambo ya Jamii awe na kiti ndani ya hospitali kuu ya zoni, hata kwa siku mbili za wiki, ili karatasi ya umaskini, deni la mama aliyezaa na chakula cha mgonjwa wa miezi 6 vizungumzwe pale pale.

La nne, mfuko wa dharura wa zoni, mdogo lakini wenye hesabu za wazi, kwa ajili ya ajali za mashimo na jamaa za waliokufa.

La tano, plani isomwe mbele ya watu, kwa Mashi na kwa Kiswahili. Karatasi ya Kifaransa iliyofungwa ndani ya kabati si ya kijiji.

Tunajua neno ambalo wengine wanalisema chini ya sauti: wachimbaji wanapata makuta mingi na wanayamaliza kwa pombe. Kuna wanaofanya hivyo, tunawajua kwa majina, na tunawaambia usoni. Lakini ugonjwa hauulizi kama uliyemkuta ni mlevi au mzee wa kanisa, na mtoto wa mlevi naye ana mapafu mawili. Plani ya afya si zawadi ya watu wenye tabia nzuri.

Na kwa upande wetu, ndugu, kuna kazi ambayo zoni haiwezi kutufanyia. Tuseme ukweli mbele ya nesi: "mimi ni mchimbaji". Tusifiche kikohozi kwa kuogopa kufukuzwa kwenye timu. Mkubwa wa shimo amruhusu mgonjwa wake kwenda kuchukua dawa bila kumkata siku. Tumwage maji kwenye mwamba kabla ya kuupiga pale maji yapo, tusichome zebaki jikoni, na koperativi zifungue daftari lenye jina la kila anayeingia shimoni. Kidole kimoja hakivunji chawa. Sendika bila koperativi, koperativi bila CODESA, CODESA bila zoni, hazitafika popote.

Katika wiki zijazo, wareko watapita au kengele ya kijiji italia kuita watu kwenye mkutano wa eneo la afya. Mama, kama baba yuko machimboni, nenda wewe, na umwambie nesi aandike jina lake na mahali alipo. Kijana, kama uko nyumbani juu shimo limefungwa, nenda ukakae mbele, si nyuma. Uliza plani iko wapi. Uliza mchimbaji ameandikwa ukurasa gani. Wakisema hakuna ukurasa, omba kalamu.